Muulize Mama Zipu: Nenda dukani na unga kilo kumi

Mwezi huu barua zimejaa mabegi. Ndiyo mambo ya mwisho wa mwaka: Wachaga wa Dar wanajiandaa kupanda, sisi wa huku tunajiandaa kushuka, na kila mtu amekumbuka ghafla kwamba begi lake la mwaka juzi lilikatika mkanda stendi. Kwa wageni wa safu hii, mimi nilibeba mizigo Mlima Kilimanjaro miaka 7, na huu ni mwaka wa 13 nashona mabegi kwenye kibaraza changu hapa Moshi, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni. Begi siuzi. Nashona yaliyouzwa na wengine, kwa hiyo nayajua mpaka matumbo.

Shikamoo Mama Zipu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule zikifungwa Desemba, mimi na wenzangu wawili tumepanga kutembea: basi hadi Dodoma, treni ya SGR hadi Dar es Salaam, halafu boti hadi Unguja. Siku 12. Begi nimelitengea 120,000 na siongezi hata senti. Nimeona mawili. Moja jipya, liko dukani mjini Moshi, wameandika lita 80, lina mifuko 9 na koti lake la mvua, bei 85,000. La pili ni mtumba, liko soko la Memorial, lita 46, limefubaa hadi jina limefutika, na muuzaji amekomaa na 95,000. Mume wangu anasema nimerogwa, mtumba kuushinda mpya bei. Picha hizo hapo. Tuamulie. (Mwalimu, Himo)

Marahaba, Mwalimu. Mwambie shemeji hujarogwa. Lakini na wewe usiharakishe kutoa hela, maana kwenye barua yote hii umehesabu mifuko, umesoma lita, umetazama rangi, na hujaniambia begi lilikaaje mgongoni likiwa na mzigo. Naona hukulivaa. Au ulilivaa tupu, ukajigeuza mbele ya kioo cha muuzaji, akakuambia limekupenda. Tupu kila begi linampenda kila mtu.

Fanya hivi. Pita Mbuyuni ununue sembe mifuko miwili ya kilo tano tano. Utaisonga nyumbani, hujapoteza kitu. Nenda nayo Memorial, mwambie yule kijana unataka kuitia ndani ya begi lake. Akikataa, umeshapata jibu, ondoka. Akikubali, legeza mikanda yote kwanza. Vaa. Anza na mkanda wa kiuno, na uupandishe juu ya mfupa wa nyonga, ule ule unaomkalisha mtoto ukimbeba ubavuni. Kaza hapo hadi ukae imara. Ndipo uvute mikanda ya mabega, taratibu, iguse tu. Sasa pitisha vidole kati ya mkanda na bega lako. Vikipita kwa raha, nyonga ndiyo iliyobeba. Vikikwama, bega ndilo linalobeba, na siku ya tatu hapo Unguja utakuwa unamtafuta mtu wa kukuchua.

Mama zetu wanajua hili bila kufundishwa. Mkungu wa ndizi unatoka shambani juu ya kichwa, chini yake ngata, na uzito wote unashuka wima: shingo, uti wa mgongo, nyonga, miguu. Hujawahi kumwona mama wa Kibosho ameutundika mkungu kwenye mabega kwa kamba mbili. Begi zuri la safari linafanya kazi ya ngata, ila ngata yake iko kiunoni. Ndiyo maana nakuuliza kuhusu mkanda wa kiuno kabla sijakuuliza mifuko.

Sasa tazama picha yako ya lile jipya. Mkanda wa kiuno ni utepe mtupu, upana wa vidole viwili, hauna sponji popote. Huo kazi yake ni kuzuia begi lisichezecheze. Ukiukaza na kilo kumi ndani utakukata tumbo. Huo mmoja ungetosha kunikatisha tamaa.

Lakini kuna la lita pia. Lita 80! Mwalimu, unahama? Desemba Unguja ni joto, nguo zenyewe ni kanga, magauni mepesi, na kitu cha kujifunika kwenye treni kwa ajili ya kile kiyoyozi. Kwa siku 12, ukifua mara moja katikati, lita 40 hadi 45 zinakutosha na nafasi ya karafuu za kurudi nazo inabaki. Begi kubwa halikai bila kujaa. Utalijaza kwa sababu lipo, kisha utalibeba kwa sababu umelijaza.

Tena hizo lita 80 mimi siziamini. Mwaka huu mteja aliniletea begi jipya lenye lebo kama hiyo, nikawa na pumba za mahindi za kuku wangu, nikasema leo tupime. Nilichukua ndoo ya lita 20, nikamimina. Ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia, ya tatu haikuisha. Yaani lebo imesema 80 na begi halikufika hata 60. Mteja alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa ameshalipa.

Begi hilo hilo lilikuja kwangu kwa sababu mkanda wa bega umeng'oka. Nikafumua mgongo ili nipate pa kushikiza upya. Wembe ulipopita kwenye mshono, kikatokeza kitu cha kahawia, kimelowa jasho, kimejikunja kama ulimi. Kadibodi. Mahali ambapo begi la maana huwekwa bamba la plastiki ngumu au fito mbili za alumini, hili liliwekewa kipande cha boksi. Na ule mkanda wa bega ulikuwa umeingia ndani ya mshono kwa urefu wa ukucha tu, umepigwa cherehani mara moja, ukaachwa. Uzi wenyewe nikauvuta kwa vidole ukakatika.

Kwa hiyo jambo la kwanza kulitazama, kwenye begi lolote, ni shina la mkanda: pale juu, mkanda wa bega unapoingia mgongoni, na pale chini unapoungana na pembe ya begi. Unatafuta mshono mfupi, mnene, uzi umerudiwa na kurudiwa mpaka umekuwa kama mstari wa kovu. Shika mkanda kwa mkono mmoja na begi kwa mwingine, vuta kwa nguvu kama unamtoa mbuzi kwenye migomba. Ukiona matundu ya sindano yanafunguka na mwanga unapita, rudisha.

Halafu mgongo wako wenyewe. Mwambie shemeji akushikie tepu ya kushonea. Inamisha kichwa, nyuma ya shingo kuna kifupa kinachotokeza. Kutoka hapo pima kushuka hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga, mahali dole gumba linapotua ukishika kiuno. Watu wazima wengi wanapata kati ya sentimita 40 na 50, na si lazima iendane na urefu wa mtu. Mimi ni mfupi na mgongo wangu umemzidi mdogo wangu ambaye ni mrefu. Begi lako, kutoka kwenye shina la mikanda ya bega hadi katikati ya mkanda wa kiuno, likaribie kipimo hicho. Likiwa fupi mno, mkanda wa kiuno utakupanda tumboni. Likiwa refu, utakuwa unalikalia.

Lile la Memorial, kwa picha, linanivutia. Mkanda wa kiuno una sponji pande zote mbili, mgongo una sehemu ya kupandisha na kushusha mabega, na zipu ya mdomo ni nene. Kufubaa si ugonjwa, ni jua. Ila mtumba una magonjwa yake. Ligeuze ndani nje. Pitisha kiganja, kama pananata, au unga mweupe unabaki mkononi, soma jibu la msomaji wa Ngaramtoni hapa chini kabla hujafika bei. Bonyeza sponji kwa dole gumba uhesabu hadi tatu: likirudi, zima, likibaki na shimo, limekufa. Fungua na ufunge kila kifungo cha plastiki. Kifungo kilichopasuka jino moja mimi nabadilisha kwa 3,000, lakini kitumie kumshusha muuzaji 10,000. Ndiyo biashara.

Likipita yote hayo, anza na 60,000, usivuke 75,000. Asubuhi ya katikati ya wiki wana moyo laini kuliko Jumamosi.

Koti la mvua lisikusumbue kichwa. Linasaidia kwenye buti la basi, vumbi na ndoo ya samaki ya jirani, lakini mvua ya kweli inapita nyuma, mgongoni, ambako koti halifiki. Kinga ni mfuko wa ndani: nguo zote ziko humo, mdomo umeviringishwa. Zamani tulitumia rambo mbili tatu. Tangu zilipopigwa marufuku 1 Juni 2019 nashona mifuko ya turubai jepesi, na hata wewe unaweza kujishonea. Na ukipanga, vizito vikae katikati, vimeegemea mgongo wako. Ukiviweka nje kabisa vitakuvuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule, na hao nadhani unawafahamu.

Sisemi kila kipya ni kibovu. Kipo kipya kizuri, ila kwa bei uliyotaja sijakutana nacho mezani kwangu.

Dada, za kazi? Begi langu lina miaka mitatu. Zipu kubwa nikiivuta inafunga, lakini nikishafika mwisho inaachia katikati, inapasuka mdomo. Fundi wa hapa mtaani anasema zipu yote ibadilishwe, 25,000. Ni kweli? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Nzuri, karibu. Huyo fundi hajakudanganya, ila amekuchagulia njia yenye hela.

Pitisha ukucha kwenye meno, upande huu na upande huu, polepole. Kama hakuna jino lililong'oka, na ule mzunguko wa naironi haujachomoka kwenye kitambaa chake, zipu yako ni nzima. Mgonjwa ni kichwa, kile unachokivuta. Kisogeze karibu na uso wako ukitazame: mbele kina njia mbili, nyuma zinakuwa moja. Meno ya kushoto na ya kulia yanaingia kila moja kwa njia yake, yanabanwa, yanatoka yameshikana. Kazi yote iko kwenye ule mbano. Sasa wewe unaishi Arusha, vumbi letu hili la mlima wa moto wa zamani ni msasa. Linaingia kichwani, kila ukivuta linakwangua chuma kidogo, hasa begi likiwa limejaa na unalivuta kwa hasira. Baada ya miaka mitatu pengo limepanuka unene wa unywele. Unywele tu. Meno yanapita bila kubanwa, yanashikana kwa adabu, ukigusa yanaachana.

Chukua mswaki wa zamani na maji ya sabuni, safisha meno, yakauke. Rudisha kichwa mwanzo kabisa, zipu ikiwa wazi. Kwa plaizi bana nyuma ya kichwa, mahali meno yanapotokea yameshikana: upande wa kushoto kidogo, upande wa kulia kidogo, jaribu. Bado? Kidogo tena. Kidogo, nakuomba, maana vichwa vingi ni chuma cha kumiminwa, hakipindi, kinapasuka. Ikishika, sugua meno kwa mshumaa, na umejinunulia miezi kadhaa.

Hiyo ni huduma ya kwanza. Dawa yenyewe ni kubadilisha kichwa. Kigeuze, mgongoni utaona namba: 5, 8 au 10. Ununue namba hiyo hiyo na cha aina hiyo hiyo, kwa sababu kichwa cha zipu ya naironi hakikubali meno ya chuma hata namba zikifanana. Fundi anafumua sentimita mbili mwisho wa zipu, anaingiza pande zote mbili sawasawa, anashona kufunga. Kwangu ni 5,000 pamoja na kichwa, na unasubiri ukinywa chai.

Watu huniuliza kuhusu herufi YKK. Ni kampuni ya Japani, ilianzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934 huko Tokyo, na zipu zao ni nzuri kweli. Lakini herufi tatu kwenye chuma mtu yeyote anaweza kuzimimina, na wanazimimina. Mimi natazama namba. Begi la safari lenye namba 5 kwenye mdomo mkubwa, hata liwe na herufi zote za alfabeti, litakuja kwangu.

Shikamoo mama. Nimepata nafasi ya kuanza kupanda kama mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, mwezi wa kwanza. Wenzangu wananiambia ninunue begi la lita 70 nionekane mtu wa kazi. (Kijana, Rau)

Marahaba mwanangu, na hongera. Getini hawapimi muonekano wako, wanapima mzigo. Wa kampuni usizidi kilo 20, na huo utakuwa kichwani au shingoni: begi la mgeni ndani ya sandarusi, au hema, au jiko. Mgongoni ni vyako tu: koti, sweta, blanketi au begi la kulalia, soksi, tochi, sahani. Lita 35 hadi 40. Ukiwa na 70 tupu nusu, mpishi atakuona, na siku ya pili utakuta humo vitunguu vya watu sita.

Jambo moja ambalo wauza mabegi hawalijui kwa sababu hawajawahi kubeba: begi la mgumu lisipite juu ya mabega. Mzigo mkuu unakaa kisogoni, ukiegemea hapo shingo inapoungana na mgongo. Begi refu linausukuma mbele, nawe unatembea umeinama kama unatafuta sindano. Nunua fupi na pana. Lile kava la juu lenye mfuko, kama linafunguka, liondoe kabisa.

Safari yangu ya kwanza, njia ya Machame, niliazima begi la jirani. Zuri, jekundu. Siku ya pili, kwenye miamba ya kwenda Shira, mkanda wa kushoto ukang'oka kwenye shina. Mzee mmoja tuliyekuwa naye akautoboa kwa msumari na kuufunga na kamba ya katani aliyokuwa nayo mfukoni, tukaendelea. Kamba ile haikuwa na sponji. Siku tano. Mpaka leo gauni lolote ninaloshona kwa ajili yangu, bega la kushoto nalishusha kidogo. Tangu hapo sijapanda bila shazia na uzi wa naironi, na wewe usipande bila hivyo. Havizidi uzito wa kiberiti.

Mkanda wa kifua uwepo. Mfuko wa turubai wa ndani uwepo, hata kama mwezi wa kwanza huwa na mvua chache, kwa sababu kambi ya Horombo iko mita 3,720 na blanketi lililolowa huko usiku si jambo la kusimulia kwa kucheka. Hela itakayobaki, ipeleke kwenye viatu.

Mama Zipu, begi la mume wangu lilinunuliwa tukiwa Tanga, likakaa kabatini miaka kama sita. Juzi nimelitoa, ndani linanata na linanuka kama mtoto ametapika. Nimefua mara mbili, wapi. (Msomaji, Ngaramtoni)

Pole, na hakuna aliyetapika. Kitambaa cha mabegi mengi kimepakwa ndani utando wa kuzuia maji unaoitwa poliyurethani. Utando huo unavunjwa na unyevu na joto, polepole, miaka. Na ninyi mlilifungia kabatini Tanga! Kwanza unanata, kisha unabanduka vipande kama ngozi iliyoungua jua, na harufu ndiyo hiyo.

Kuponyeka hauponyeki. Unaweza kuuondoa: loweka begi kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na magadi kidogo usiku mzima, asubuhi sugua kwa brashi laini, vipande vitoke, suuza, rudia. Pakibaki panaponata, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, ila ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Anika kivulini. Harufu itapungua sana. Begi halitazuia maji tena, kwa hiyo mfuko wa ndani ni lazima, lakini kitambaa chenyewe na mikanda bado vina kazi. Likianikwa, litundikwe mahali penye hewa, wazi, si kabatini na si ndani ya nailoni.

Mwalimu wa Himo, ndicho nilichokuwa nakuambia. Kunata kidogo kwenye mfuko wa juu, vumilia na ushushe bei. Kunata tumbo zima, acha.

Ninaenda Uturuki kusoma. Nataka begi la kuingia nalo ndani ya ndege, nisilipie. Lita ngapi? (Mwanafunzi, Arusha)

Usiulize lita, uliza sentimita. Mashirika mengi yanataka begi la kabini lisizidi kama 55 kwa 40 kwa 20 au 23, na mengine yanapima uzito pia, kilo 7 au 8. Soma tiketi yako, hayafanani. Begi la lita 35 hadi 40 kwa kawaida linaingia humo, mradi limetengenezwa kama sanduku na siyo kama gunia la mkaa. Nalo ulipime likiwa limejaa. Tupu lina sentimita 20 za unene, ukitia koti la baridi lina 30, na pale KIA watalikuta na 30.

Uzito wa begi lenyewe pia ni wako. Likiwa na kilo 2 tupu, katika kilo 7 umebakiwa na 5. Koti na viatu vizito vivae. Ndiyo, utatoka jasho, Uturuki utashukuru.

Kwa nini usiwaambie watu wanunue mabegi ya magurudumu, karne hii? (Msomaji, Njiro)

Kwa sababu nimesimama stendi msimu wa masika.

Kwa wa uwanja wa ndege hadi hotelini, nunua, sina ugomvi. Ila ulichunguze gurudumu: likifungwa kwa skrubu linabadilishika, likibanwa kwa ribiti, likifa begi limekufa.

Mambo Mama Zipu! Naenda Katavi mwezi wa nane na marafiki. Begi nimeshachagua, linanifaa kiuno na mgongo, nimelijaribu na mzigo kama unavyosemaga. Kuna la bluu, jeusi, kijani kibichi cha majani na la mabaka mabaka. Rangi ina shida? (Kijana, Usa River)

Poa mwanangu, na umeniamkia vibaya ila nimekusamehe kwa sababu ya mzigo.

Bluu na nyeusi, siyo kwa Katavi. Mbung'o wanavutwa na rangi hizo mbili; mitego yao yenyewe inashonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi, nimeshona baadhi. Ukilitundika begi la bluu mgongoni huko, umejifanya mtego unaotembea. Kijani hicho cha majani chukua.

La mabaka acha hapo hapo lilipo, hata wakikupa bure. Raia haruhusiwi kuvaa wala kumiliki kinachofanana na sare za jeshi, na mwaka 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wasalimishe vilivyokuwa mikononi mwao. Mtumba hausemi umetoka jeshi la nchi gani, na anayekusimamisha njiani hana haja ya kujua. Kuna kijana aliniletea moja, mkanda wa bega umeng'oka, anataka nimshonee upesi asafiri jioni. Nilimrudishia begi lake, na mkanda wake nikamwekea ndani.